Siku Niliyomcheka Mama

Jumapili. Mvua ya mawe ilianza tulipotoka kanisani na huku kwetu Kiplombe kote ni matope. Sina raha hata kidogo.

Leo nimemwaibisha mama yangu.

Mama hufua mashuka katika nyumba ya wageni ambamo wanariadha kutoka ng'ambo hukaa wakija kufanya mazoezi. Meneja amesema kesho atamjaribu kwenye mapokezi, mradi aweze kuwasalimu wageni kwa Kiingereza. Kwa wiki mbili mimi ndiye mwalimu wake. Namfundisha nilivyofundishwa: kwanza am, is, are, kisha maamkizi ya kawaida. Nikimuuliza swali husimama, mikono nyuma, kama walivyofanya darasa la tano, alikoachia shule.

Sijawahi kumwambia akae.

Mchana jirani yetu, Mama Chebet, alikuja na binti yake anayesoma chuo. Nilitaka waone kazi yangu. "Mama, mimi ni mgeni," nikasema. "Hey, how's it going?"

Mama akainuka, akasimama wima, akapaza sauti kama darasa zima: "I am fine, thank you, teacher! How are you?"

Binti akaangua kicheko. "Woi, mathe! Mzungu naye utamwita teacher?"

"Wewe, nyamaza," Mama Chebet akamkanya, lakini naye alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama alitabasamu, akaenda kuangalia chai. Hakurudi sebuleni mpaka walipoondoka. "Wenye wamesoma ndio wakae huko mbele," akaniambia. "Mimi mashuka yananitosha."

Nimejaribu kujiambia kwamba kicheko kilinitoka tu. Si kweli. Nilitaka yule wa chuo ajue kwamba mimi si kama mama.

Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Sasa naiacha.

Nilimfuata jikoni nikamwomba msamaha. Alikuwa akimenya viazi. "Si kitu," alisema, bila kuniangalia. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia kwamba salamu yake ilieleweka, na mgeni aliyechoka safari hatataka zaidi ya hapo. Akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya. Hakuniambia niondoke.

Asubuhi nitamsindikiza hadi kwenye lango la kazini, na sitamsahihisha neno lolote njiani. Ila nikishamuaga, atapitia mlango upi: wa mbele, au ule wa nyuma unaoelekea kwenye makarai ya kufulia?