Babu Hakuota Ndoto Yoyote

Jumatano, usiku

Baba ananiharakisha. Anataka historia ya karakana yetu ibandikwe ukutani kabla wanunuzi kutoka hotelini hawajaja kutazama mashine za kusugua sakafu tunazounda. Mwanzo kaniandikia mwenyewe: babu aliota ndoto ya pwani safi.

Nimemsomea bibi leo, kwake Mambrui. Alicheka mpaka leso ikamteleza kichwani.

"Babu yako aote usafi? Kanzu alikuwa akiivua na kuiacha papo hapo, kama gamba la nyoka."

Kumbe bibi alichoka kusugua ghala lao la samaki peke yake, akarudi kwao. Babu akasugua kwa mikono hadi mgongo ukagoma, ndipo akafunga brashi kwenye mota ya pampu, ikawa mashine yetu ya kwanza.

"Kwa hiyo alikuundia wewe?"

"Alijiundia mwenyewe. Mimi nilirudi kwa kuwa mama yangu alinichosha zaidi."

Baba atanuna. Lakini karakana yenyewe anaisugua mama, kwa mkono, maana mashine ni za kuuza.

Nimeandika: "Karakana hii ilianza siku bibi alipoondoka." Mama ameisoma. Sasa namsikia chumbani akiteremsha sanduku lake la safari kutoka juu ya kabati.