Sahani ya Asiyekuja

Zomba, Nyasaland
14 Juni 1954

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa thelathini na saba tangu nilipochukuliwa Msambweni kubeba mizigo ya vita, nami bado nakuona umesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Goti lako limepona? Na kisima, kimerudisha maji matamu? Mimi sijambo, ila kifua hakiniruhusu kupanda kilima cha kanisani bila kupumzika mara mbili.

Barua yako, aliyokuandikia binti yako Mwanakombo, nimeisoma mpaka karatasi imelegea mikunjoni. Umenieleza mazishi ya mama yote, hata nani alishika jeneza. Kisha ukaniuliza: "Sisi hatusemi kwamba Isa aliuawa. Lakini ninyi mnaosema alikufa, mwasema alimfia nani? Mama yumo au hayumo?" Ukaongeza kwamba nisikuzungushe, maana wanijua tangu nilipokuwa nikiiba sukari.

Sikuzungushi. Swali lako lilinikuta pabaya. Mwaka jana tulipata mchungaji mpya, mtu mpole na msomi, naye afundisha kwamba Kristo aliwafia wateule tu, wale ambao Mungu aliwachagua kabla ya dunia kuwapo. Hoja yake si ya kipuuzi. Asema kama aliwafia wote na wengine wakapotea, basi damu nyingine ilimwagika bure, na Mungu hafanyi kazi bure. Akatutaka sisi wazee wa kanisa tuwafundishe hivyo wanaojiandaa kubatizwa. Darasa hilo nimelishika miaka kumi na tisa.

Nilinyamaza Jumapili tatu. Ya nne, kikaoni, nikawasimulia hitima ya baba.

Wakumbuka mchele ulikuwa haba, na mjomba akasema, "Tuwaite wa ukoo tu, tusije tukaaibika." Mama akamjibu huku akipepeta, "Kaka, mimi napikia msiba, sipikii ukoo." Akatuma mtu mpaka kwa Bi Riziki, jirani ambaye hawakuwa wakiamkiana tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Bi Riziki hakuja. Mjomba akacheka, "Umeona? Wali umekwenda bure." Mama alifunika sahani kwa kawa, akaibeba mwenyewe, akaiweka kizingitini kwa Bi Riziki, akarudi. Kama ililiwa, mpaka leo sijui.

Mchungaji akaniuliza, "Na kama haikuliwa?"

"Ilikuwa yake hata hivyo," nikasema. "Ilipikwa kwa ajili yake."

Mzee mmoja akanong'ona, "Huyu bado ni Mwislamu wa pwani." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Mchungaji hakucheka. Alisema wali si damu, nami nikakubali. "Lakini sitaweza," nikamwambia, "kumfundisha mtu kwamba Mwokozi aliishia kwenye ukoo wake, na mama yangu akavuka mpaka."

Darasa amepewa mwingine. Hatukugombana, jana mchungaji aliniletea asali ya kifua.

Basi jibu langu ni hili. Naamini alimfia mama, na wewe, na Bi Riziki. Kama mama ameipokea sahani hiyo, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba imewekwa mlangoni kwake. Wewe huna haja ya kuamini hivyo ili tubaki ndugu.

Mwanakombo aliongeza chini ya barua jambo ambalo huenda hukumwagiza: kwamba tangu mama aliposikia nimebatizwa, kila hitima alitenga sahani yangu, akaifunika, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka wageni wote waondoke. Nilipomzika mke wangu sikulia kama nilivyolia hapo.

Nisalimie shemeji Salimu, mumeo, na nyavu zake zisizokwisha kutoboka. Na Juma, mtoto wa mjomba, auzaye mihogo Kombani. Mwanakombo mwambie mwandiko wake umeushinda wangu.

Wasema mwezi ujao mtasoma hitima ya mwaka ya mama, nawe wataka kujua kama sahani yangu itengwe tena. Itenge, dada, kisha mpe yeyote atakayepita. Mimi sitarudi.

Nduguyo,
Bakari