Walburga amejaza kisima kwa ndoo!

Ottilia, uko hewani? Mjukuu wangu Eliza ameaibika hapa kijijini Ruanda mbele ya watu wote!

Si unajua wanapima kile kisima kipya kirefu cha kutuletea maji ya bomba? Pampu inavuta mfululizo, na Eliza anaangalia maji kwenye kisima kifupi cha Walburga pale jirani. Yakishuka, maana yake ule udongo wa mfinyanzi unaotenga maji ya juu na ya chini unavujisha, na visima vyetu vifupi vitakauka.

Hayakushuka! Leo Eliza akasimama mkutanoni, akasema, "Visima vyenu havitaguswa." Vigelegele, Ottilia!

Walburga naye akainuka, anacheka kabisa. "Yangeshukaje, mjukuu wangu? Kila ukienda kula nilikuwa nakijaza. Kisima alichochimba marehemu mume wangu kwa mikono yake kikauke mbele ya wageni? Aibu gani hiyo!"

Nakwambia, alikuwa anakijaza! Kwa ndoo!

Eliza akakaa chini. Akauliza polepole, "Bibi, kabla hujamwaga ndoo ya kwanza, maji yalikuwa wapi?"

"Yalishashuka. Nilikuwa naona matope."

Mwenyekiti akamnong'oneza, "Acha tu, watu wameshafurahi."

Eliza akasimama tena. "Niliyowaambia si kweli. Maji ya kisima kirefu hayatasambazwa mpaka tupime upya."

Watu wakamzomea, maana walishaota bomba mlangoni. Walburga peke yake ndiye aliyemshika mkono. "Sasa mjukuu wangu, kisima cha mzee nimekiokoa au nimekiua?"

Eliza akamwomba ile ndoo, aifungie mpaka amalize kupima.