Kuhusu Yule Fundi Miavuli Aliyenyamaza

Duka la viatu, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kabla sijakugombeza nikusalimu kwanza, maana mama yako ndiye aliyenilea, na kwake mtu asiyesalimia hakupewa chakula. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa katikati ya kila sentensi, na mama yako akakata shauri kwamba huvai soksi. Na huko wodini, yule msimamizi wenu bado anawapanga zamu kama mtu anayegawa adhabu? Nijibu hayo yote, usiruke hata moja.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu ni ule ule. Mama yako presha imeshuka na amepata miwani mipya, kwa hiyo sasa akiwa barabarani analiona vumbi la ndani ya duka langu, na analitangaza akiwa huko huko.

Sasa nimeshasalimia. Nimekasirika, Chiriku. Nimekasirishwa na katuni yetu na nimekasirishwa na jambo la Mwalimu, na katika yote mawili una mkono wako.

Nianze na katuni. Ndiyo, najua inaitwa anime, umenisahihisha vya kutosha. Sehemu ya mwisho ilitoka Alhamisi ya wiki iliyopita, nami nikafunga duka saa kumi mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa babu yako. Nikaegemeza simu kwenye kopo la gundi, nikakaa. Nilikuwa nimenyoa ndevu.

Wewe ndiye uliyeniingiza huko. Ulipoondoka uliniachia chini ya kitanda boksi la vitabu kumi na vinne vya michoro, vya hadithi hiyo hiyo, na kila penye maneno ulikuwa umeandika Kiswahili pembeni kwa penseli, kwa mwandiko wako wa kuku. Mimi ambaye tangu nimalize shule sijasoma kitu kirefu kuliko maelezo ya nyuma ya kopo, nikavisoma vyote. Kijana anatengeneza miavuli, msichana anafanya kazi maktaba. Msichana analeta mwavuli, kijana anautengeneza, msichana anaondoka. Vitabu kumi na vitatu vinakwenda hivyo, na mtu mzima kama mimi nilikuwa navisoma nikiwa nimeshika roho.

Katika kitabu cha kumi na nne ndipo aliposema kwamba anampenda. Kurasa sita, Chiriku, unazikumbuka. Anaanza, anakwama, anaanza upya. Anajikanyaga, anamwita msichana kwa jina la dada yake, mwavuli unamponyoka. Halafu analisema, na msichana anamwambia arudie, kwa sababu anataka kulisikia vizuri. Ukurasa ule nimeushika mpaka penseli yako imefutika.

Sasa hao watengenezaji wako wamefanya nini? Mvua inanyesha, wawili wamesimama kituo cha treni. Kijana anafungua mdomo. Treni inapita. Mdomo unachezacheza, sauti hakuna, kinanda kinalia. Treni ikiisha kupita msichana anatoa machozi huku anatabasamu, na maua yanapepea kutoka sijui wapi, maana kituo kizima hakina mti hata mmoja. Majina ya watu yanaanza kupanda. Kwisha.

Nilidhani simu imeharibika. Nakwambia kweli. Nilirudisha nyuma mara tisa, nikaongeza sauti, nikaiweka sikioni. Mwisho nikavuka barabara nikampelekea fundi simu, nikamwambia spika imekufa kwa dakika moja halafu ikafufuka. Akaifungua, akaipuliza, akaitazama ile sehemu yote pamoja nami huku wateja wake wanasubiri. Kisha akanirudishia.

“Fundi, simu yako nzima,” akasema. “Hawa wenyewe ndio hawakusema.”

Nilirudi dukani sina hali. Nikishona kiatu nikakiacha bila kisigino, mteja hataniambia kwamba hiyo ni sanaa. Atanivunjia kioo. Watu hawa walikuwa na mwaka mzima, na wachoraji wengi kuliko wanafunzi wa shule, na waigizaji wenye sauti nzuri, na kurasa sita zilizokwishaandikwa na mwenye kazi yake. Wakazifunika na treni. Wewe unayejua lugha za watu, waandikie. Waambie fundi viatu mmoja anauliza ni nani kati yao aliyetoa wazo hilo, na je, kwake nyumbani huwa anaongea na mtu.

Halafu nawe ukaniletea ujumbe jioni ile ile: “Mjomba, ni mwisho bora kuliko wa kitabu. Ukimya wake umesema yote.” Nikausoma nimesimama. Nikaona labda mimi ndiye mshamba, kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma.

Hapa ndipo naingia kwa Mwalimu, na naomba ukae chini.

Unajua tulivyopatana, lakini nitalirudia ili usije ukaniruka. Nilikwambia kwamba maneno ninayo, ya kitabuni na ya kwangu mwenyewe, ila sijui mtu wakati huo anasimamaje, mikono anaiweka wapi, macho anayatupa wapi. Vitabuni watu wamekufa ganzi, hawasogei. Ukasema ningoje katuni ifike hapo, nimwone fundi miavuli anavyofanya, kisha na mimi nikamwambie Mwalimu. Nikakubali. Miaka minne anakuja dukani na mimi nampokea viatu kama mtu anayepokea barua za serikali. Msusi wa mlango wa pili ananiita domo zege mbele za watu. Nilihitaji mtu wa kunionyesha njia.

Basi Ijumaa, siku moja tu baada ya ile treni, Mwalimu akaja. Ilikuwa saa tisa, ametoka kufundisha, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa gauni. Alileta vile viatu vya kahawia. Mimi viatu vya Mwalimu navijua: kisigino cha kushoto huisha upande wa nje, kwa sababu anatembea kwa haraka na anabeba madaftari upande mmoja. Vile vya kahawia nilikuwa nimevitia soli mpya wiki mbili tu nyuma. Nikavigeuza, nikavipinda, nikaingiza kidole. Havikuwa na kasoro yoyote.

Hakusema vina nini. Alikaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, akanitazama. Na mimi, Chiriku, nikapiga moyo konde nikafanya kama kijana wa kwenye kituo. Nikasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, nikamwangalia, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Nilinyamaza mpaka jasho likanitoka mgongoni. Moyoni nilikuwa nasema kila kitu, na ujumbe wako nimeukariri: ukimya wake umesema yote.

“Fundi, jino linakuuma?” Mwalimu akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Akangoja tena. Kwa kweli alingoja sana, hilo siwezi kumnyima. Kisha akainuka, akachukua viatu vyake, hata kile cha mkononi mwangu, akasema asante. Aliondoka taratibu, yeye ambaye huwa anakimbia. Mimi nikadhani nimefaulu. Nilirudi kwenye nyundo yangu nikipiga mluzi.

Jumatatu msusi akaja kuniuliza kama nitamwaga Mwalimu. Nikamuuliza kumwaga kwenda wapi. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa, ndipo akaniambia: amehamishwa, shule ya mbali, safari ya basi kutwa nzima, anaondoka Jumanne alfajiri. Nilikimbia mpaka nyumba za walimu nikiwa na aproni. Mlango ulikuwa umefungwa, na jirani akasema ameshakwenda kulala kwa shemeji yake, karibu na kituo cha basi. Yuko mtaa gani hakujua. Simu ikawa haipatikani.

Siku mbili hizo usiniulize nilizipitishaje. Nilishona kiatu cha mtu nikaunganisha ulimi na soli. Kila nilipokumbuka yale maua yanayotoka kusikojulikana nilitaka kupiga kitu.

Alhamisi simu ikapatikana. Nilimpigia nimesimama, bila kujua mikono iwe wapi, na wala haikudhuru, kwa sababu hakuwa ananiona. Nikamwambia. Sikulipamba. Nilimwambia nampenda, na kwamba nimempenda tangu alipoleta vile viatu vyeusi vya kamba, mwaka wa kwanza. Nilijikanyaga mara mbili. Nilimwita Mwalimu katikati ya jambo ambalo mtu angetakiwa kutaja jina.

Akaongea polepole, kama anayemwelekeza mtoto hesabu. Akasema fomu ya uhamisho alipewa Jumatano, kabla hajaja kwangu. Hakulazimishwa. Aliambiwa achague, ahame au abaki, na ajibu kabla ya Ijumaa jioni.

“Vile viatu vya kahawia,” akaniuliza, “uliviona vina ubovu gani?”

Nikamwambia havikuwa na ubovu.

“Basi,” akasema.

Nimeandika neno hilo moja kama alivyolisema, na sina la kuongeza. Alikuja kunisikia, mpwa wangu. Alikaa kwenye kigoda changu akingoja nimpe sababu ya kubaki, nami nikampa treni. Alipotoka kwangu alikwenda kusaini.

Usianze kulia huko ukaharibu zamu. Sikulaumu peke yako, ingawa leo nakulaumu. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Lakini usiniambie tena katika maisha yako kwamba ukimya unasema. Ukimya haukusema kitu. Mwanamke mwenye akili timamu, anayefundisha hesabu, aliona jino.

Nilipomaliza kujilaani nilimuuliza wazi kama nije kumtembelea au nisije. Akasema, “Sijui.” Nikamuuliza kama naweza kupiga tena. Akasema Jumapili, saa kumi na moja, akishamaliza kufua. Nimekaa na hilo “sijui” siku tatu. Linauma, lakini ni lake, kalitamka mwenyewe, na nimelisikia lote. Saa hizi ni kumi na nusu. Nitampigia na kumuuliza lile lile, na kama jibu ni usije nitalipokea kwa masikio haya haya.

Mama yako anakusalimu na anasema soksi. Msusi anakusalimu, na fundi simu pia, ambaye sasa anajua habari zetu zote. Nisalimie binamu yako unayeishi naye, mwambie apunguze chumvi. Vitabu vyako vipo salama, ila cha kumi na nne sikirudishi boksini.

Mungu akukinge na baridi, akupe kifua kizima, na akuzungushie watu wanaosema. Na wewe kama yuko mtu huko, Chiriku, na najua yupo kwa jinsi unavyobadilisha mada nikikuuliza, mwambie leo.

Mimi mjomba wako nikupendaye, hata wiki hii,
Gundi