Damu Yangu Kwenye Kadi Kumi na Moja

Shangazi Tunu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuionja tangu nizaliwe, na naomba jina langu ulifiche gazetini maana Kibondo ni ndogo na kwetu Kasulu ndiyo usiseme. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nane, nimeajiriwa na mradi mmoja wa utafiti wa malaria, kazi yangu ni kuzunguka vitongoji vya upande wa Mabamba, namtoboa mtu kidole, nadondosha damu kwenye kadi ya karatasi, naiacha ikauke, naipeleka ofisini. Mkuu wetu, Daktari Asmahani, mama wa Tanga mwenye roho safi, alitueleza kwamba kimelea cha malaria kimejifunika protini kama mtu aliyevaa koti, na chanjo wanayoitafuta ni ya kuufundisha mwili ulitambue hilo koti na kulishambulia, shida ni kwamba koti la kimelea cha nyumba hii linatofautiana kidogo na la nyumba ile, kwa hiyo wanatafuta sehemu ya koti isiyobadilika, na ndiyo maana wanataka damu ya watu wengi.

Awamu ya kwanza, mwezi wa pili, nilifanya kazi vizuri tu. Katika kitongoji kimoja kuna bibi anaitwa Esteria, alikuwa analea mjukuu wa miaka minne, Hatungimana. Kipimo cha haraka kilionesha mtoto hana malaria, nikachukua na damu ya kadi, bibi akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, na hiyo nyingine unaipeleka wapi?" Nikamwambia inakwenda maabara kubwa, tutarudi na majibu. Shangazi, nilijua hakuna majibu yanayorudi kwa mtu mmoja mmoja, damu ile ni ya utafiti, lakini niliogopa nikisema hivyo watakataa, basi nikaahidi vilevile nyumba zote kumi na moja.

Mwezi wa tano nikatumwa kwa watu walewale. Nilifika dukani pale njia panda, mwendo wa dakika kumi tu kufika kwao, nikakaa pale, nikajiuliza nitawatazamaje watu ambao walinipa mbegu za maharage nikampelekee mama, na mimi nimekuja mikono mitupu kuomba damu nyingine. Siku hiyo mwenyewe nilikuwa na homa, nikajipima, nikakuta ninayo malaria. Nikaenda nyuma ya duka, nikajitoboa kidole kimoja, nikajitoboa cha pili, nikajaza kadi kumi na moja kwa damu yangu, nikaandika namba za watu wale, nikapanda bodaboda nikarudi Kibondo.

Sasa matokeo ya maabara yametoka. Eti kitongoji kizima kimelea kina koti moja, halina tofauti hata chembe. Daktari Asmahani alinishika mkono mbele ya ofisi nzima akasema, "Mwanangu, hivi unajua ulichotuletea? Huenda chanjo ikaanzia hapa." Watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka nao, Shangazi, nilicheka. Jumatatu ijayo anakwenda mwenyewe kule na wageni kutoka Dar, wawaone hao kumi na moja na kuwachukua damu upya.

Nikamkimbilia Crispin, mhudumu wa afya wa kitongoji kile, nikamsihi awapange watu waseme niliwatoboa. Akanitazama akasema, "Na Hatungimana naye nimpange?" Nikasema ndiyo, wote. Akasema, "Huyo tulimzika mwezi wa tatu. Wewe umemtoboa mwezi wa tano." Halafu akaniambia mtoto alipopata homa bibi alikaa naye siku mbili bila kumpeleka zahanati, akisema wale wa damu wangekuwa wameona kitu kibaya wangeshakuja.

Nimewaza niache kazi kwa ujumbe wa simu, nivuke zangu kwa mjomba Burundi kabla ya Jumatatu. Nikiondoka kimya, si watagundua wenyewe? Nishauri Shangazi, nimeishiwa.

Mwenye Aibu, Kibondo

* * *

Marahaba, mwanangu. Nimekuitikia kwa sababu ni salamu, usidhani nimekusamehe. Miaka thelathini nimevaa gauni la unesi hapa Kasulu, nimeona watu wakidanganya kuhusu damu kwa kila namna, lakini wa kuwatobolea watu kumi na moja kwa vidole vyake mwenyewe ndiye wewe wa kwanza. Na hiyo malaria yako, dawa mseto ulimeza, au nayo uliiandika tu?

Unauliza kama watagundua wenyewe. Watagundua. Lakini fikiria wasipogundua. Watu wazima na elimu zao watakaa miaka wakihangaika na koti la kimelea kimoja kilichokuwa kinakutetemesha wewe nyuma ya duka, wakiamini ni la kitongoji kizima. Huyo mama aliyekushika mkono ataliweka jina lake juu ya homa yako. Halafu wewe uko kwa mjomba, unakula ndizi.

Kuhusu mtoto, sitakwambia kwamba umemuua. Malaria ndiyo iliyomuua. Ila sitakwambia pia kwamba huhusiki, maana sijazoea kudanganya watu ili walale usingizi. Yule bibi alikuwa na mkono wake, aliuweka kwenye paji la uso la mjukuu akasikia moto. Akaliamini neno lako kuliko mkono wake. Hilo utatembea nalo, na ni haki yako kutembea nalo.

Basi sikiliza. Nenda kwa Daktari Asmahani leo, peke yako, ukiwa na zile namba kumi na moja kwenye karatasi. Usianze na homa, usianze na kulia. Anza hivi: "Daktari, kadi hizi zote ni damu yangu." Mwambie pia ile ahadi ya majibu uliyoitoa, na umwombe awaulize wenzako, maana siamini ni wewe peke yako unayewalaghai watu hivyo. Akikufukuza, umefukuzwa. Utapata kazi nyingine, hata ya kuuza mihogo.

Kisha mwombe Crispin akusindikize kwa Bibi Esteria kabla gari la Jumatatu halijafika. Acha begi la mradi nyumbani. Koti la kimelea usimsimulie, hajakuuliza. Mwambie hakukuwa na majibu yoyote, nawe ulijua. Akikufukuza uende, akinyamaza unyamaze naye, akikupa jembe ulime.

Nilikuwa nimemaliza hapo, mwanangu, nikaisoma tena barua yako, nikaishika kalamu upya. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Umenieleza habari za moja. Zile kumi ulizoziahidi vilevile, nani amewaambia kwamba hakuna atakayekuja? Wana watoto pia. Unakaa unahesabu siku za aibu yako mpaka Jumatatu, na kule huenda sasa hivi kuna mama mwenye mtoto anayechemka, naye amekaa mlangoni anakusubiri wewe.

Kwa hiyo Daktari atakuwa wa pili. Weka gazeti chini, mpigie Crispin, apite nyumba hadi nyumba leo hii awaambie majibu hayapo, na mtoto akipata homa aende zahanati siku hiyohiyo.