Vidonge vya Mgongo wa Baba Sauda

Jumatatu, 7 Julai
Chai. Chapati. Vidonge viwili vya diklo, dawa ya maumivu, kwenye kisahani. Kama kila siku, mwaka wa tatu sasa. Bila diklo mume wangu, Baba Sauda, hawezi kuinama kupiga kalafati, kuziba nyufa za mashua. Kameza, kaenda kwenye mashua anayoitengeneza. Miguu imemvimba, makubazi hayaingii. Eti ni kusimama. Kusimama gani! Na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nimeuona kwa macho yangu. Sijapenda.

Jumatano, 9 Julai
Tumevuka asubuhi kwa chombo kutoka Jibondo, kisha bodaboda mpaka hospitali ya Kilindoni. Presha iko juu. Wakachukua damu na mkojo. Daktari ni binti mdogo kuliko Sauda wetu. Katuamkia vizuri, halafu katupa habari: figo za mume wangu zimeumia. Zikiendelea hivi atapelekwa Dar akasafishwe damu kwa mashine, maisha yake yote.

Kamuuliza anakunywa maji kiasi gani. Mwanamume kajibu kwa majivuno: kikombe adhuhuri, kikombe usiku. Majivuno kweli! Ndivyo tulivyolelewa Jibondo, enzi maji yanaletwa kwa mashua. Aliyekunywa sana aliitwa mroho. Leo bomba liko uani na bado tunajibana. Na mimi nilikuwa namsifu kwa mashoga zangu: mume wangu hana tabu, hata maji hanywi.

Dawa gani anatumia? Nikatazama sakafu. Akajibu mwenyewe. Binti wa watu akaweka kalamu chini. Diklo marufuku kuanzia leo. Maji anywe. Samaki wa ng'onda na chumvi apunguze. Turudi tarehe ishirini na tatu.

Alhamisi, 10 Julai
Sikai, silali. Nimefagia ua mara tatu.

Niandike tu. Mwaka jana Bi Zuhura wa duka la dawa aliniambia: "Shoga, hizi si za kila siku. Zinaharibu figo." Nikacheka. Wiki iliyofuata nikaanza kununua duka jingine, nisisikie maneno. Kulikuwa na mashua ya watu inangoja. Akilala mume wangu, tunakula nini? Sikumwambia.

Nilijua. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai
Mgongo unamtesa, na yeye anatutesa sisi. Namkanda kwa maji moto. Namsimamia na kikombe. "Mwanamke, unataka kunizamisha nchi kavu?" Nilicheka, nikaenda jikoni nikalia.

Mafundi wenzake wamekuja kumpa pole. Mmoja katoa diklo mfukoni, kama mtu anavyotoa peremende. Eti anamwonea huruma. Nimemtoa nje mbio, na heshima zake zote. Watasema mke wa fundi kaingiwa na wazimu. Waseme.

Ijumaa, 18 Julai
Uvimbe ulikuwa umepungua. Nikafurahi, mjinga mimi. Leo alipokwenda kuswali nimepekua kikapu chake cha zana. Pakiti ya vidonge vya diklo. Viwili havipo.

Yule mwenzake nilimfukuza, kumbe alikuwa keshampa.

Tumegombana mpaka jirani kapunguza redio. "Viwili tu," anasema. Viwili tu! Nimevitupa vilivyobaki chooni. Nilitaka kumwambia kuwa nilionywa na nikanyamaza. Badala yake nikamjazia kikombe cha maji. Nina haki gani ya kumfokea?

Jumanne, 22 Julai
Kesho. Naogopa majibu ya daktari. Yeye anasonya tu. Leo kanywa maji bila kusukumwa, kwa hiyo na yeye anaogopa.

Jumatano, 23 Julai
Kipimo cha sumu kwenye damu kimeshuka. Si sana. Daktari kasema sehemu ya figo iliyokufa hairudi, iliyobaki tuitunze. Mashine hapana, kwa sasa. Kila mwezi apimwe. Kazi ya kuinama aachie wengine.

Kwenye chombo cha kurudi nimemshikia chupa ya maji.

Alasiri nimemwambia yote. Bi Zuhura, onyo lake, duka la pili. Nilisema nimemtazama, nisije nikakimbia. Yeye kasema, "Ungeniambia, ningemeza vilevile, Mama Sauda." Kajilaza mkekani.

Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, si kwa hili.

Anakoroma. Mimi nimekaa hapa pembeni yake, naandika.