Refa wa Banda la Maua

Yeyo,

Nimekukasirikia. Afadhali niseme mapema, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Siku ulipozikwa huko kwenu Kajiado hatukuja. Ilikuwa Februari, maua ni mengi, na yule supavaiza waliyemleta mahali pako alisema marehemu hahitaji wafanyakazi, ndege ya kubeba maua ndiyo inawahitaji. Hebu fikiria! Banda zima tulifunga waridi tukilia, na yeye anapita katikati yetu na filimbi shingoni.

Ndiyo, filimbi. Tunamwita Refa. Hajui jina la mtu hata mmoja. Ukienda choo, filimbi. Ukinyoosha mgongo, filimbi. Nasieku, yule msichana wa meza yangu, aliona ukungu kwenye maua akamwonyesha. Akafokewa mbele ya watu wote, eti ni yeye ameuleta. Sasa nani atasema tena? Tunauona, tunaufunga, unaenda. Maua yakirudishwa na wanunuzi tunafokewa upya, na hakuna anayejali. Wewe ulikuwa unatuita kando, unasema, "Haya, niambie ukweli, mimi siumi." Na tulikuwa tunasema.

Umetuharibu, Yeyo. Hata sisi tusiojua Kimaasai tulikuita mama kwa lugha yako. Ulitufanya tuzoee kuwa watu, halafu ukaenda.

Mbaya zaidi, haya mambo yananifuata mpaka nyumbani. Juzi Kamau wangu alimwaga uji, nikamfokea hadi akajificha nyuma ya mlango. Baba yake akaniuliza, "Kwani Refa amehamia hapa?" Aki nilitamani ardhi ipasuke.

Na leo meneja ameniita. Wamechoka na maua ya kurudishwa. Anataka nishike kazi yako. Nikikataa, Refa anabaki. Wenzangu wananisukuma, "Mama Kamau, kubali!" Wao hawakumwona mtoto nyuma ya mlango. Naogopa. Nikipewa watu, je, kama itakayotoka ni sauti ya Refa?

Lakini siwezi kumwacha Nasieku mikononi mwa Refa. Kesho nitakubali. Nimeshamwambia, siku nikimfokea, naye anifokee mara mbili. Amecheka, Yeyo! Sijamsikia akicheka tangu ututoke.

Lala salama. Hicho kicheko nitakilinda, nakuahidi.

Wako,
Mama Kamau